Nimsaidieje mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili chuoni bila kumfanyia kazi zake?

Swali: "Mimi ni mhadhiri katika chuo kinachofundisha malezi na makuzi ya watoto wadogo. Muhula huu nimepokea mwanafunzi wa miaka 21 mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoambatana na ulemavu wa akili. Ni mchangamfu na hakosi kipindi, ila kila nikimuuliza kama ameelewa anajibu 'ndiyo', na kazi ya kwanza aliyoleta ilionekana wazi imeandikwa na mtu mwingine. Mama yake ndiye anayenipigia simu, mwanafunzi mwenzake amepangwa kukaa naye kila kipindi, na baadhi ya wahadhiri wenzangu wanasema chuo si mahali pake. Nataka kumsaidia, lakini sitaki kumfanyia kazi wala kumpa alama za huruma. Nianzie wapi?"

Jibu:

Mwalimu, anza na hiyo "ndiyo" yake. Kazi iliyoandikwa na mtu mwingine, simu za mama, mwenzake anayemkalia ubavuni, yote yanatoka shina moja: huyu ni kijana ambaye watu wamezoea kumsemea, naye amezoea kukubali.

Mwaka 1981 Carol Sigelman na wenzake walichapisha utafiti kuhusu namna watu wenye ulemavu wa akili wanavyojibu maswali ya ndiyo au hapana. Waliona kwamba wengi huelekea kukubali, kiasi kwamba swali likigeuzwa kinyume mtu yuleyule anakubali tena, ingawa majibu hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Sababu haziko mbali. Pengine swali lilikuwa refu na nusu yake ikampita. "Hapana" huleta maswali mengine, au sura ya kukata tamaa usoni mwa mwalimu. Na mtu aliyekua huku wengine wakimwamulia hata nguo ya kuvaa hana mazoea ya kusema "sijaelewa, rudia". Kwa hiyo hakudanganyi anapojibu hivyo. Anatumia jibu ambalo kwa miaka mingi limemvusha salama. Swali la "umeelewa?" liondoe kabisa katika mazungumzo yenu, maana halikupi habari yoyote.

Badala yake kaeni upande mmoja wa meza, mpe karatasi ya kazi mkononi, umwambie: "Nionyeshe utaanza na nini." Kisha nyamaza. Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri jibu kwa kama sekunde 1 tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya wanafunzi huwa marefu na bora. Kijana wako mpe hata sekunde 10. Utaziona ndefu sana. Ukivunja ukimya kwa kuuliza tena kwa maneno mapya, utakuwa umemrushia swali la pili kabla hajamaliza la kwanza, naye ataanza upya. Akiweka kidole kwenye kichwa cha kazi na kubaki hapo, basi umepata ulichokuwa unakitafuta: hajui pa kuanzia. Sasa mpe njia mbili zinazoonekana kwa macho. "Hii ni karatasi ya kuchora. Hii ni ya kuandika. Unaanza na ipi?" Siku nyingine geuza mpangilio, kwa kuwa wapo wanaochukua neno la mwisho walilolisikia. Na akisema "sijui", mshukuru kwa dhati. Hilo ni jibu kubwa kuliko "ndiyo" zote alizokupa tangu muhula uanze.

Sasa tuelewane kuhusu ulemavu wenyewe, kwa sababu wenzako wanaosema chuo si mahali pake huenda wanauchanganya na vitu vingine. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili, na si ugumu wa kusoma peke yake kama ilivyo disleksia. Wataalamu hutazama mambo matatu kwa pamoja. Kwanza ni uwezo wa akili ulio chini sana ya wastani, kwa kawaida alama ya 70 hadi 75 kushuka chini katika kipimo cha IQ. Pili ni ugumu katika stadi za kila siku: za kifikra kama kusoma, saa na fedha, za kijamii kama kutambua mtu anayekuhadaa, na za vitendo kama kusafiri peke yako au kufuata ratiba. Tatu ni kwamba hali hiyo ilianza utotoni au ujanani. Chama cha Marekani kinachoshughulikia ulemavu wa akili na makuzi, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, kiliweka mpaka kuwa kabla ya miaka 22. Zingatia hilo jambo la pili. Namba ya IQ haikuambii kijana atafanya nini Jumatatu asubuhi darasani kwako. Ukishajua kwamba anasoma saa ya kidijitali lakini ya mishale humchanganya, hapo unaweza kupanga kitu.

Sindromu ya Down, ambayo Jérôme Lejeune na wenzake mwaka 1959 waliionyesha kuwa inatokana na kromosomu ya 21 ya ziada (kromosomu ni nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli), ina sura zake zinazomhusu moja kwa moja mwalimu. Wengi wenye hali hiyo hushika vizuri zaidi kile wanachokiona kuliko kile wanachokisikia. Kumbukumbu ya muda mfupi ya maneno ndiyo huwalemea zaidi, kwa hiyo ukitoa maagizo manne kwa mdomo, ya kwanza yanakuwa yameshatoka kabla hujafika la nne. Huyu hahitaji kurudiwa kwa sauti ya juu. Anahitaji maagizo yabaki mahali ambapo jicho linaweza kuyarudia: ubaoni, kwenye kadi, au picha kwenye simu yake.

Hapa kuna jambo la afya ambalo walimu wengi hawaambiwi. Upungufu wa kusikia, matatizo ya tezi ya thairoidi na kukatika kwa pumzi usingizini huwapata watu wenye sindromu ya Down mara nyingi kuliko watu wengine. Kijana anayesinzia kila kipindi cha saa nane, au aliyekuwa akifuatilia vizuri kisha akazubaa ghafla katikati ya muhula, asihukumiwe kuwa "ndivyo walivyo". Mwambie kijana akapimwe masikio, na amweleze daktari habari za usingizi wake. Huzuni na msongo navyo huwapata kama sisi sote, ila mara nyingi vinafichwa nyuma ya ulemavu: kila mabadiliko yanahesabiwa kuwa sehemu ya hali yake na hakuna anayetafuta chanzo kingine.

Kwa wale wanaosema chuo si mahali pake, waeleze kwamba jambo hili halijaanza jana wala halijaanzia kwenu. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilianza kuwapokea watu wazima wenye ulemavu wa akili katika madarasa ya kawaida mwaka 1987. Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, kilianzisha mpango wake mwaka 1999. Trinity College ya Dublin, Ireland, ina kozi ya miaka miwili iliyoundwa kwa ajili yao ndani ya chuo kikuu chenyewe. Nchini Marekani sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2008 iliwafungulia mlango wa ruzuku za serikali na ajira za wanafunzi, hata wasiokuwa na cheti cha kawaida cha kumaliza sekondari, ilimradi wanasoma katika programu zilizoidhinishwa. Leo vyuo vyenye programu za wanafunzi wenye ulemavu wa akili nchini humo ni zaidi ya 300. Juu ya yote kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara yake ya 24 inazitaka nchi wanachama kuhakikisha watu hawa wanaifikia elimu ya juu, mafunzo ya ufundi na elimu ya watu wazima bila ubaguzi, na kwamba wanafanyiwa marekebisho stahiki. Swali la kama anaruhusiwa kuwepo limeshajibiwa. Lililobaki kwenu ni la namna.

Na namna inategemea amesajiliwa kwa njia gani. Hili kalithibitishe kwa msajili wiki hii, tena kwa maandishi, kwa sababu ugomvi mwingi wa alama unatokana na watu kutolijua. Njia ya kwanza: ni mwanafunzi kama wengine, anatafuta cheti kilekile. Hapo malengo ya kozi hayaguswi. Kinachobadilika ni namna ya kuyafikia na kuyaonyesha. Muda wa ziada, chumba tulivu, mtihani wa mdomo, mtu wa kumsomea maswali, maswali yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi. Pablo Pineda wa Hispania, anayetajwa kuwa mtu wa kwanza mwenye sindromu ya Down barani Ulaya kupata shahada ya chuo kikuu, alipita njia ya namna hiyo. Njia ya pili: anasoma kwa mpango wake maalumu, mnakubaliana naye malengo machache katika kila kozi, na hati anayopewa mwishoni inaeleza wazi alichojifunza. Njia zote mbili ni halali na zina heshima. Kosa ni kumsajili kwa ya kwanza kisha kumpima kimyakimya kwa ya pili. Hizo ndizo alama za huruma unazozikataa, na una haki ya kuzikataa. Alama ya huruma humnyima kijana habari ya kweli kuhusu kazi yake, na siku mwajiri atakapoigundua, atakayefedheheka ni yeye.

Ukishajua njia yake, kaa na muhtasari wa kozi yako na kalamu. Pitia kila unachokidai na ujiulize: hiki ni kiini cha kozi, au ni mazoea yetu ya kupima? Katika fani yako kuna mambo ambayo asiyeyajua hafai kuachiwa watoto: kuwahesabu kila mnapohama chumba, kutambua mtoto mwenye homa kali, kuita msaada, kutomkabidhi mtoto kwa mtu asiyemfahamu. Hayo usiyapunguze hata chembe. Mfundishe kwa vitendo, mara nyingi, mahali halisi, na umpime kwa kumtazama akiyafanya. Asipoyaweza peke yake baada ya kufundishwa vizuri, mwambie hivyo kwa uwazi na kwa upole, na mtafute pamoja nafasi ambayo daima kuna mlezi mwingine chumbani. Lakini insha ya maneno 1,500 yenye marejeo? Hiyo ni namna moja tu ya kuonyesha unajua.

Nitakuonyesha ninachomaanisha. Chukua kazi ya kawaida katika somo lako: "Kwa kutumia mifano mahususi, jadili nafasi ya mchezo katika makuzi ya mtoto wa umri wa miaka 3 hadi 5, ukizingatia nyanja za kimwili, kijamii na kiakili. Maneno yasiyopungua 1,500." Sentensi moja imebeba agizo la kutoa mifano, agizo la kujadili, rika, nyanja tatu, na nyuma yake kuna mambo ambayo hayakuandikwa kabisa: nenda maktaba, chagua, panga, andika rasimu. Mwanafunzi wako anakutana na ukuta. Akienda nao nyumbani, kuna mtu anayempenda ataupanda kwa niaba yake. Sasa iandike hivi:

"Mchezo unamsaidiaje mtoto kukua?
1. Jumanne mtazame mtoto mmoja akicheza kwa dakika 10 katika darasa letu la mazoezi.
2. Chora alichokuwa anafanya. Usimpige picha.
3. Mwili wake ulifanya nini? Andika sentensi 2 au rekodi sauti yako.
4. Alifanya nini na wenzake? Sentensi 2 au sauti.
5. Alilazimika kufikiri nini? Sentensi 2 au sauti.
6. Niletee Alhamisi kabla ya kipindi."

Angalia kilichobaki. Uhusiano wa mchezo na nyanja zote tatu upo, na ndio uliotaka kuupima. Mfano mahususi upo, tena ni wa kweli kuliko ule wa kunakili kitabuni. Kilichoondoka ni ukuta. Kila mstari una jambo moja la kufanya, na siku ya kuanza na ya kuleta kazi zimetajwa. Karatasi iwe na nafasi ya kuweka tiki mbele ya kila namba, herufi kubwa kidogo, na picha ndogo pale inapofaa. Na kwa kuwa hatua ya kwanza na ya pili zinafanyika chuoni, mkono wa nyumbani unapungua bila wewe kumshutumu mtu. Ukitaka ushauri wangu, gawa karatasi hiyo kwa darasa zima, wengine wakiongezewa hatua ya saba ya kulinganisha na maandiko. Utashangaa ni wangapi walikuwa wamekwama kwenye ile ya zamani na hawakuthubutu kusema.

Hali kadhalika mihadhara. Mpe kitini siku mbili kabla, ukurasa mmoja wenye mambo matatu ya msingi na maneno mapya yasiyozidi matano, kila neno na picha au mfano wake. Anza kipindi kwa kuandika ubaoni mtakayoyafanya kwa mpangilio, na ufute kila mnapomaliza moja. Mwishoni kila mwanafunzi, pamoja naye, aandike au achore jambo moja alilolishika. Wiki inayofuata fungua kipindi kwa jambo hilohilo. Kukumbushwa kidogokidogo kwa siku kadhaa kunamfaa kuliko kukaririshwa usiku mmoja.

Huyo mwenzake aliyepangwa kukaa naye ni neema, na ni hatari vilevile. Mwaka 1997 Michael Giangreco na wenzake walitoa utafiti kuhusu wasaidizi wanaowekwa karibu muda wote na wanafunzi wenye ulemavu katika shule za kawaida. Waliona kwamba ukaribu huo usiokatika uliwatenga wanafunzi na wenzao, uliwafanya wamtegemee msaidizi, na ulimfanya mwalimu wa darasa ajione hahusiki. Walikuwa shuleni, na wanafunzi wao walikuwa na ulemavu wa aina nyingine, lakini chuoni mambo huenda vilevile: mhadhiri anazungumza na msaidizi, wanafunzi wanamsalimia msaidizi, na mwanafunzi mwenyewe anabaki kutazama.

Kwa hiyo mwite huyo mwenzake, mshukuru, na umpe mpangilio. Akae viti viwili pembeni, si ubavuni. Kijana akikwama, kwanza asubiri. Asipoendelea, amwonyeshe kwa jicho au kidole mahali maagizo yalipo. Bado? Amuulize, "Hatua inayofuata ni ipi?" Bado? Afanye mfano mmoja yeye mwenyewe kisha amwachie. Kumshika mkono na kufanya pamoja ni hatua ya mwisho kabisa, na kufanya badala yake haimo kwenye orodha. Kila Ijumaa andikeni kwa kifupi amefika hatua ipi kwa kazi ipi. Mkiona wiki ya pili mfululizo anaanza mwenyewe kwa kuonyeshwa kidole tu, basi wiki ya tatu hata kidole kisitumike mpaka aombe. Msaada usiopangiwa jinsi ya kupungua hauondoki wenyewe. Unakuwa sehemu ya mwili wake. Mfundishe pia kuomba msaada kwa maneno yake, "Naomba unionyeshe hatua ya tatu," na mfanye mazoezi ya sentensi hiyo hadi itoke bila kusita.

Msaidizi asiwe mmoja muhula mzima. Wawe wawili au watatu wanaopokezana, chuo kiwahesabie saa hizo kama kazi au kama sehemu ya mafunzo yao, na tofauti ya msaidizi na rafiki iwe wazi. Kijana ambaye kila anayekula naye yuko kwenye zamu hana rafiki bado. Urafiki huja penye shughuli ya pamoja, kwaya, timu, kikundi cha kupanda miti. Muulize anapenda nini, kisha uhakikishe anajua siku, saa na mahali wanapokutana, na njia ya kufika huko kwa miguu yake. Inatosha mtu mmoja amsindikize mara ya kwanza.

Kuhusu mama yake, mwanzo wako uwe heshima. Huyu ni mama aliyepigania kila mlango mpaka mwanawe akafika kwako, na anajua mambo ambayo huwezi kuyasoma kwenye faili lolote: dalili kwamba kijana amechoka, neno linalomtuliza, kilichotokea shule ya zamani. Lakini mwanafunzi wako ni mtu mzima. Katika sheria ya Marekani ya kumbukumbu za elimu ya mwaka 1974, haki juu ya kumbukumbu hizo huhamia kwa mwanafunzi mwenyewe anapofikisha miaka 18 au kuingia chuoni, na ulemavu wa akili pekee haubadilishi hilo. Popote ulipo, fuata maana hiyo. Simu ikiingia tena, jibu: "Shikamoo mama, nashukuru kwa kunipigia. Nitaongea naye mwenyewe kwanza, kisha akiridhia tukae wote watatu." Halafu fanya hivyo kweli. Katika kikao hicho kijana akae katikati, swali la kwanza aulizwe yeye, na mama akijibu kwa niaba yake, mgeukie kijana taratibu: "Nawe unaonaje?" Usitegemee mama aache kwa siku moja. Mpe jambo jingine la kufanya kwa upendo uleule: nyumbani asiandike kazi, ila aweke alamu ya simu pamoja na mwanawe, na amuulize jioni, "Leo umeweka tiki ngapi?"

Kikao hicho kitoe karatasi moja tu, ya kijana mwenyewe, kwa maneno yake hata kama wewe ndiye unayeandika: ninachofanya vizuri, kinachonichanganya, namna ya kunisaidia, ninachotaka baada ya chuo. Karatasi hiyo aipeleke yeye kwa wahadhiri wengine na kwa msimamizi wa mafunzo kwa vitendo. Itawasaidia kuliko barua ya kitaalamu yenye kurasa sita. Kuhusu hicho kipengele cha mwisho nina msimamo: chuo kisichozungumzia kazi ya mshahara tangu muhula wa kwanza kinampotezea kijana muda. Apelekwe kwenye kituo cha watoto mapema, kwa saa chache, afundishwe pale pale kazini, kwa sababu wengi wao hawahamishi kirahisi stadi waliyojifunza chumba kimoja kwenda chumba kingine.

Kuna hofu moja sijaiona kwenye barua yako, ila itakuja: akipotea njiani? Akitapeliwa? Robert Perske, mwandishi wa Marekani aliyewatetea watu wenye ulemavu wa akili, aliandika mwaka 1972 kwamba kumkinga mtu na kila hatari kunaweza kumvunjia utu wake, na kwamba kuthubutu kunaweza kumsaidia akue. Nakubaliana naye, ilimradi kuthubutu huko kuandaliwe. Mfanyie mazoezi ya njia kabla hajaenda peke yake. Igizeni rafiki anayeomba fedha kwa simu, na mtu anayedai picha za mwili wake, mpaka jibu lake liwe la haraka: "Hapana. Nitamwambia mtu ninayemwamini." Somo la mwili, mapenzi na ridhaa alipate kama wanafunzi wengine, kwa picha na lugha ya wazi. Kumficha habari hizo hakumlindi; kunamwacha asijue kwamba anachofanyiwa ni kosa.

Nimalizie na ile kazi ya kwanza. Usiipe sifuri wala usiipeleke kwenye kamati ya nidhamu kabla hujakaa naye. Mwite peke yake, iweke pembeni, usimuulize nani aliiandika. Mpe ile karatasi ya hatua sita, mpangie Jumanne kwenye darasa la mazoezi, na umwambie kwamba hii ndiyo kazi utakayoisahihisha. Kama kanuni za chuo zinakulazimisha kuripoti, omba barua ya kumwita iandikwe kwa lugha nyepesi, asomewe, na aingie na mtu aliyemchagua mwenyewe. Alhamisi akileta mchoro wa mtoto aliyepanga vibao na sentensi sita, hata tatu zikiwa za sauti, zisahihishe kwa mwongozo uleule wa nyanja tatu. Penye kosa mwonyeshe kosa, naye alirekebishe hapo hapo mbele yako.